Baba Yake Wanja na Mvua ya Bwana Wingu

Siakago,
Jumatatu.

Kwako dada yangu Kanana,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi, kwa maana ni nyingi na zimesafiri na jua kali. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo na nimekuwa mweusi kidogo, lakini shati la kanisani bado linafunga vifungo vyote. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie ni baridi ya Kaaga inayomuuma, si uzee. Akija huku akae wiki moja tu kwenye jiwe la mlangoni kwangu, hilo goti litaiva kama kiazi. Na Baba je? Bado anamsahihisha mhubiri katikati ya mahubiri? Mwambie nimemsalimia kwa heshima zote, halafu nyamaza kidogo, kwa maana nina jambo lake huko mbele na sitaki umshtue.

Barua yako ya juzi Jumamosi usiku, aliyoniletea dereva wa matatu leo asubuhi, niliisoma nikicheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama nina malaria. Kwa hiyo televisheni ya Mama Kawira imekufa macho ikabaki na masikio! Na ninyi bado mnajipanga mbele yake kila Jumamosi jioni, mnatazama kioo cheusi, mnasikiliza Ngurumo akipigana gizani kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani. Dada, hiyo ni imani kubwa. Kuna wakristo wasio nayo.

Umeniomba nikueleze kilichoonekana katika vipindi hivi vitatu vya mwisho. Nitakueleza. Lakini univumilie, maana vipindi hivyo vimeingia maishani mwangu jinsi mbuzi anavyoingia jikoni, na sasa siwezi kusimulia televisheni bila kusimulia na yangu.

Kwanza ujue kwamba huku hakuna anayemwita yule shujaa kwa jina lake la Kiingereza. Watu walijaribu, ndimi zikakataa. Bwana Athumani, mwenye bucha na hoteli na hiyo televisheni tunayoitazama, ndiye aliyembatiza Ngurumo, na yule adui mwenye mashine ya mvua akamwita Bwana Wingu. Sasa hata watoto wa shule wanasema hivyo. Jambo wasilolielewa watu wa hapa ni udhaifu wa Ngurumo. Kwamba mvua ikimgusa tu nguvu zote zinamtoka, anabaki mtu wa kawaida aliyevaa nguo za kubana. "Basi si ahamie huku?" Bwana Athumani huuliza kila wiki. "Hapa mvua tunaisikia kwenye redio. Angeishi kama mfalme." Mimi nikawaambia kwetu Meru, kule Kaaga kwenye mvua, tungemzika kabla hajamaliza kupanga vyombo.

Sasa kipindi cha kwanza. Uliandika kwamba mlisikia mshindo mkubwa, Mama Kawira akapiga kelele kuwa Ngurumo amepigwa risasi, na mkaimba ubeti mmoja wa kumfariji. Hakupigwa na mtu. Ule mshindo ulikuwa sinia la vyombo. Mchumba wake alikuwa amempikia chakula, amevaa gauni la mabega wazi (Baba asisome hapa), amewasha na mishumaa ingawa stima wanayo. Ngurumo ameshika uma tu, mara masikio yake yanasimama. Amesikia treni inaacha reli huko mbali. Akasema, "Samahani, nimesahau kitu," akatoka. Binti akangoja. Mishumaa ikaisha. Ndipo akalichukua lile sinia akalitupa ukutani.

Hoteli nzima ilinung'unika. Wanaume walisema, "Lakini ameokoa treni!" Wanawake wakasema, "Na simu je? Hana?" Wanja, aliyekaa upande wangu wa kushoto, akanitazama mimi badala ya kutazama televisheni.

"Mwanamume anayeondoka mezani hivyo," akasema, "ana meza nyingine."

Wanja nimekutajia katika barua zilizopita, ingawa nilimtaja kama "jirani fulani anayeshona nguo." Basi, dada, si jirani tu. Nataka kumwoa, naye anataka, na ndilo hilo jambo la Baba nililokuambia. Ni mtu wa hapa hapa, Mmbeere, anashona sare za shule karibu na soko. Anacheka kwa sauti, na hajawahi kunionea haya ingawa natembea na harufu ya dawa ya mbuzi. Wenyewe huku wananiita Daktari, ijapokuwa wagonjwa wangu wote wana mikia.

Babake ni Mzee Njeru, mrina asali, ana mizinga kwenye miti yake yote. Wanja alipomwambia kuhusu mimi, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nitamtazama." Na ndipo akaanza kuja hotelini kwa Bwana Athumani kila Jumamosi, anaketi upande wangu wa kulia na fimbo yake katikati ya magoti, ananitazama. Lakini kwa kuwa televisheni iko mbele, akaanza kuitazama na hiyo. Wiki ya pili alikuwa haniangalii tena. Kiingereza hajui, basi kazi ikawa yangu kumtafsiria, na Mzee huyu hataki muhtasari. Mtu akikohoa kwenye televisheni, ataniuliza, "Amesema nini?"

Siku iliyofuata kile kipindi cha sinia nilialikwa kwao kwa chakula cha mchana, ndiyo mara yangu ya kwanza. Mamake Wanja alikuwa amechinja kuku, na amepika ndengu na chapati laini kama shuka. Nimenawa mikono, sala imeombwa, nimekata kipande cha kwanza cha chapati. Akaja mama mmoja mbio, kanga begani, anaita, "Daktari! Daktari! Ng'ombe ameshindwa kuzaa, miguu tu ndiyo imetoka!"

Ungefanya nini, Kanana? Niliweka chini kile kipande. Nikasema, na naapa sikupanga, maneno yalitoka tu: "Samahani, lazima niende." Nikamwona mamake Wanja ameganda na bakuli la mchuzi mkononi. Wanja alitazama dari. Niliporudi, shati limejaa mambo ambayo sitayataja katika barua, vyombo vilikuwa vimeoshwa na kupangwa. Ndama alikuwa mzima lakini mimi nilikuwa nimekwisha. Mamake aliniuliza jambo moja tu: "Huyo mama aliyekuita, ana mume?"

Sasa kipindi cha pili, ambacho kiliniharibia kabisa. Uliandika kwamba mlisikia yule binti akilia "Baba! Baba!" na ninyi mkafikiri anaomba, chumba kizima mkasema amina. Dada, hakuwa akiomba. Alikuwa akimwita babake mzazi! Ilikuwa hivi. Ngurumo amempiga Bwana Wingu teke moja, ile kofia ya chuma inayomfunika uso ikaruka, na ndani yake kumbe ni yule mzee mpole aliyekuwa akimwagilia maua katika kila kipindi. Baba wa mchumba. Mkwe! Yule yule aliyekataa kumpa Ngurumo mkono siku ya kwanza, tukadhani ana vidonda.

Katika hoteli ya Bwana Athumani hakuna aliyetafuna. Na mimi niko katikati, Wanja kushoto, babake kulia.

Bwana Wingu akaanza kusema mambo mengi, nikawa natafsiri kwa sauti iliyokauka. Kwamba alitengeneza ile mashine kwa sababu alishamgundua Ngurumo zamani. Kwamba hataki binti yake aolewe na mtu anayetokea na kupotea. Kwamba atanyesha mvua kila mahali huyo kijana anapokanyaga, mpaka aseme mwenyewe mbele ya watu yeye ni nani.

Mzee Njeru akagonga fimbo sakafuni.

"Sasa huyo mzee amekosa nini?"

Watu wakageuka.

"Nauliza," akaendelea. "Kijana anakuja kwa mtu, hasemi anatoka wapi, chakula hali, usiku haonekani. Mzee anataka kujua kama huyo ni mtu ama ni upepo. Hiyo ni makosa?"

Kanana, unanijua tangu utotoni. Unajua ningeweza kusema, "Si makosa, Mzee," nikanywa chai yangu, na leo ningekuwa nimeoa. Nilifungua mdomo ili niseme hivyo hasa. Lakini nilikuwa nimemfuata Ngurumo tangu kipindi cha kwanza kabisa, tangu siku alipopigwa na radi akiwa anatengeneza saa ya kanisa. Damu ilinichemka.

"Mzee," nikasema, "ile mvua aliinyesha juu ya daraja lenye watu. Juzi juzi hapa alizamisha soko zima. Baba mwema hazamishi soko."

"Soko si mtoto wake."

"Ndani ya soko kuna watoto wa wengine!"

"Wewe unamtetea kwa nini? Ni ndugu yako?"

"Simtetei. Nasema huyo mzee ni mwovu."

Neno likatoka. Mwovu. Na nikiwa nimemwelekezea kidole, dada. Nilikielekeza kwenye televisheni, lakini Mzee alikuwa amesimama tayari mbele yangu, na kwa mtu aliyekaa nyuma ilionekana nimemnyooshea yeye. Akavaa kofia yake polepole. "Watu wa Meru," akasema, "hata hawajalipa mbuzi wa mahari, na wameshaanza kutuhukumu." Akatoka. Kwenye mlango akageuka akatangaza, hoteli nzima ikasikia, kwamba yeye na hicho kisanduku wameachana mpaka kifo.

Wanja alinifuata nje. Nilifikiri atanifariji.

"Ungeshindwa nini kunyamaza? Ni televisheni!"

"Alikuwa anakosea."

"Ni babangu!"

"Na wewe, niambie kweli, ulikuwa upande wa nani?"

Akatazama pembeni. "Wa Ngurumo," akasema. "Lakini mimi nilinyamaza."

Akaenda zake, na wiki nzima hakuja kunisalimia ofisini. Na wewe usifikiri jambo lilikwisha hapo. Siakago yote iligawanyika. Kila nilipokwenda kuchanja mbuzi, mwenye boma aliniuliza kwanza kama ni mimi niliyemtukana Mzee Njeru. Wazee wote walikuwa na Bwana Wingu. Vijana wote na Ngurumo. Mamake Wanja, nilisikia, alisema wote wawili ni wajinga, na kwamba mwenye akili katika kile kipindi ni yule aliyetupa sinia. Bwana Athumani alilalamika watu wanabishana badala ya kula, akabandika ubaoni, kwa chaki, chini ya bei ya supu: HAKUNA WINGU HAPA.

Jumamosi iliyofuata kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Wanja alikaa upande ule mwingine wa chumba pamoja na mamake. Na hapo, Kanana, ndipo kilipokuja kipindi cha tatu, ambacho ninyi mlikikosa. Nimesikitika sana. Ule ukimya mrefu mliousikia haukuwa televisheni kufa kabisa. Ulikuwa ndani ya hadithi! Mlifunga mlango wa Mama Kawira mkaenda kula, na mambo yote yalikuwa bado.

Nitakusimulia kama nilivyomsimulia Mzee, kwa maana jana, Jumapili, baada ya kanisa, niliamua kwenda kwake kuomba radhi. Nilikwenda kwa miguu, nimevaa lile shati la kanisani, nimebeba sukari na majani ya chai. Nilimkuta chini ya kivuli cha ghala, anachonga mzinga mpya, gogo liko katikati ya miguu yake. Hakuinua kichwa.

"Mzee, hujambo."

"Sijambo." Akapiga patasi.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea heshima mbele ya watu."

Akapiga patasi. Vipande vya mti vikaruka mpaka kwenye viatu vyangu. Nikasimama. Wanja alitokea mlangoni pa jikoni akaegemea. Nikaona nimeshindwa, nikaweka ile sukari juu ya jiwe nikaanza kuaga.

Mzee akapuliza vumbi kwenye gogo. "Hiyo takataka ya jana," akasema, bado ameinama, "iliishaje?"

Nikamtazama Wanja. Akabana midomo. Nikafahamu kwamba huyu mzee ameteseka usiku kucha. Ameshaapa mbele ya Siakago nzima, hawezi kumwuliza mtu yeyote. Na mkewe na bintiye walikuwa wamekwenda wakarudi, wakamnyima makusudi.

Nikaketi chini. Nikaanza.

Nikamwambia kwamba Bwana Wingu alipeleka mashine yake kwenye daraja kubwa la mto akaliloweka. Ngurumo amesimama katikati, amelowa, hana nguvu hata za kufunga kifungo. Binti akaja mbio kuwaachanisha, babake upande huu na mchumba upande ule. Vyuma vimelowa. Akateleza.

Patasi ikasimama.

"Ameanguka?"

"Amening'inia, Mzee. Kwa vidole. Chini ni maji meusi. Bwana Wingu akakimbilia mashine yake aizime, isizimike. Mvua yake mwenyewe, imemkataa."

"Haizimiki?"

"Haizimiki. Ngurumo akalala kifudifudi, akamshika binti mkono. Lakini hana nguvu, amelowa. Akaanza kuvutwa naye, kidogo kidogo, tumbo linateleza kwenye chuma."

Hapo Wanja alikuwa amesogea mpaka nyuma ya babake, na kwa ishara ya mikono alinionyesha nilainishe, nimfanye Bwana Wingu atubu, apige magoti, aseme maneno mazuri. Kusema kweli nilijaribiwa. Mzee hangejua. Lakini niliona angesikia ukweli siku moja kwa Bwana Athumani, na zaidi ya hapo, dada, ukweli wenyewe ulikuwa mtamu kuliko uongo wowote ambao ningeutunga.

"Hapo ndipo pakawa kimya," nikasema. "Muziki umekatwa. Hakuna sauti, hata ya mvua. Tunamwona tu yule mzee akiwatazama wale vijana wawili wakiteleza. Halafu akalala chini kwenye maji, na suti yake nzuri, akamshika Ngurumo miguu."

Mzee Njeru akaweka patasi chini.

"Alimshika miguu?"

"Kwa mikono yote miwili."

"Na mvua?"

"Iliendelea kunyesha. Walivutana hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka binti akapanda juu. Halafu wote watatu wakakaa barabarani, wamelowa kama kuku. Ikaisha hapo."

Mzee alitazama mizinga yake. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka.

"Nilisema," akasema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Nilisema huyo si mtu mbaya."

Na sasa, Kanana, ulikuwa ndio wakati wangu wa kusema, "Kweli ulisema, Mzee." Mlango ulikuwa wazi, ni kuingia tu. Wanja alikuwa ananisihi kwa macho.

"Ulisema, Mzee," nikasema. "Lakini daraja ni yeye aliyeliloweka."

Wanja akajifunika uso kwa leso. Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Mzee akageuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike, kuanzia viatu mpaka nywele, nami nikaangalia liliko lango.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka gogo likamponyoka miguuni. "Hii kijana," akamwambia Wanja, "hata kama unataka kumpa mke hawezi kudanganya! Hata kidogo tu!" Akajifuta macho. "Mimi nimeogopa mtu wa kuniambia ndiyo-Mzee, ndiyo-Mzee, halafu akifika nyumbani kwake anageuka mwingine. Sasa wewe, nitakuwa najua uko wapi kila siku. Utakuwa huko unabishana."

Nililishwa yule kuku niliyemkosa, yaani mwenzake, na safari hii hakuna ng'ombe aliyediriki kuzaa.

Kwa hiyo hili ndilo la Baba. Mzee anawangoja. Uchague siku ya utulivu, baada ya Baba kula, umwambie taratibu. Najua atasema Siakago ni mbali na jua litamla. Mwambie atapewa kivuli. Najua atauliza kama ni watu wa kanisa. Mwambie ndiyo, ila akikaribishwa kitu katika kibuyu, asiulize kimetengenezwa na nini, aguse tu na mdomo na ashukuru. Na tafadhali sana, umfundishe Baba kabla ya safari kwamba yeye hajui lolote kuhusu Bwana Wingu. Hajamsikia. Hana maoni. Akisahihisha mhubiri sisi tunasamehe, lakini hapa atanifungia lango.

Nisalimie Mama na goti lake, na nyanya yetu ambaye najua atasema alishaota haya yote. Msalimie shangazi wa sokoni, mwambie nguo za harusi tuna fundi wetu. Msalimie Mama Kawira pia, pole kwa kioo, na umweleze kwamba safari nyingine pakiwa kimya asikimbilie kufunga mlango.

Mimi ni mdogo wako anayekukumbuka hata katikati ya mbuzi,

Mutuma.

Karibu nisahau neno la mwisho la Mzee, na ndilo la maana kuliko yote. Alinisindikiza mpaka langoni, akanishika bega, akatazama nyuma kuhakikisha wanawake hawasikii. "Babako aje na wazee wake," akasema. "Waje wiki yoyote, waje hata kesho. Lakini wasije Jumamosi. Na wewe ukifika pale kwa Athumani, mwambie ile kiti yangu asimpe mtu."